GOTI LAKO NA BARABARA YETU

Mazungumzo na wanajumuiya, akina mama wa vikundi na vijana wa bodaboda, Garsen

   Najua leo ni siku ya soko na kila mmoja ana shughuli zake, kwa hivyo sitawaweka sana.

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya maji ya kunywa. Leo nataka tuzungumze juu ya goti. Naona vijana wanacheka. Chekeni tu, lakini nikimaliza naomba kila mtu ajishike goti lake na amshukuru Mungu.

MAMA WA MPUNGA

Nianze na kisa, na kisa hiki mimi mwenyewe nimo ndani yake. Kuna mama mmoja, jina lake sitalitaja, ambaye alikuwa mkulima wa mpunga. Alikuwa akirudi kutoka Malindi kwa matatu, amekaa kiti cha mbele karibu na dereva. Usiku ule gari liligonga lori lililosimama kando ya barabara bila taa. Hakuna aliyekufa. Tulimshukuru Mungu, tukasema ajali imepita.

Yule mama alitolewa akiwa na mkwaruzo kidogo chini ya goti. Goti lilikuwa limevimba. Akasema, "Nimeteguka tu, nipelekeni nyumbani." Mimi niliitwa, nikafika. Nilimwona anaongea vizuri, hana damu, hajavunjika kitu kinachoonekana. Nikatoa nauli ya bodaboda ya kumpeleka nyumbani. Nauli ya kwenda hospitali sikuitoa. Nyumbani akakandwa kwa mafuta ya moto, akafungwa kitambaa cha kubana. Usiku kucha alilia kwamba vidole vya mguu vimekufa ganzi. Asubuhi ya siku ya pili mguu ulikuwa baridi kama samaki, na rangi imebadilika. Alipofikishwa kwa daktari, haukuweza kuokolewa. Ulikatwa juu ya goti.

Jamani, mguu ule haukupotea kwa sababu ya ajali peke yake. Ulipotea pia kwa sababu sisi tuliokuwepo hatukujua la kutazama. Mimi si daktari, nimesomea diploma ya kazi za jamii. Baada ya siku ile nilienda kuuliza na kusoma, na haya ninayowaambia ndiyo niliyojifunza. Nimechelewa kwa mama yule. Sitaki tuchelewe kwa mwingine.

GOTI LIMEUNGANISHWAJE?

Hebu kila mtu ashike goti lake. Kile kijifupa cha mbele kinachochezacheza ndicho pia ya goti. Juu yake kuna fupa la paja, chini yake kuna fupa la muundi. Mafupa haya mawili hayakuingiliana kama mpini na jembe. Yamekaliana tu, moja juu ya lingine. Yanashikwa na kano, yaani kamba za mwili. Ziko kamba mbili za pembeni, na mbili za ndani zilizopishana kama alama ya kuzidisha. Katikati ya mafupa kuna gegedu, kitu laini na telezi kama kile mnachoona kwenye kiungo cha mbuzi.

Sasa gusa nyuma ya goti, pale panapokunjika. Hapo ndani unapita mshipa mkuu wa damu unaolisha mguu wote wa chini. Mshipa huo umefungwa juu ya goti na chini ya goti, hauna nafasi ya kukwepa. Mafupa yakihama, mshipa unavutwa kama kamba ya ndoo kisimani. Unaweza kukatika, au ukapasuka kwa ndani na damu ikaganda, na nje usione kitu. Hilo ndilo lililompata mama yetu.

GOTI LINAVUMILIA KIASI GANI?

Hapa iko habari ambayo itawashangaza. Wako watu waliopima jambo hili. Katika mji wa Detroit, Marekani, kwenye Chuo Kikuu cha Wayne State, alikuwako mwalimu mmoja anayeitwa Lawrence Patrick. Mwaka 1965 yeye na wenzake walieleza majaribio yao ya kugongesha magoti ya maiti za watu waliotoa miili yao kwa ajili ya elimu. Na yeye mwenyewe alikubali goti lake lipigwe kwa chuma, tena na tena, ili ajue mtu aliye hai anavumilia wapi. Wafu wale na mwalimu yule wametufanyia hisani, maana kila mkanda na kila dashibodi laini katika magari ya leo imetokana na kazi za namna hiyo.

Walipendekeza kwamba nguvu ya newtoni 6,200 ndiyo mpaka wa usalama kwa goti, paja na nyonga. Hiyo ni sawa na kuwekewa ghafla mzigo wa kilo 630 kwenye goti. Baadaye sheria ya Marekani iliweka mpaka wa juu zaidi, kama newtoni 10,000 kwa kila paja la mwanamume wa wastani, yaani mzigo wa tani moja. Kwa mwanamke mdogo wa mwili mpaka ni kama kilo 690 tu. Akina mama, sikieni hapo: mpaka wenu ni mdogo kuliko wa waume zenu, na mara nyingi mnawekwa mbele na mtoto mapajani.

Lakini hizo ni hesabu za mfupa kuvunjika. Kamba za ndani hukatika mapema kuliko mnavyodhani. Ukiwa umekaa na goti limekunjwa, kitu kigumu kikigonga chini kidogo ya pia ya goti, muundi unasukumwa nyuma na paja linabaki mahali pake. Uchunguzi wa Marekani wa mwaka 1978 ulionyesha kwamba muundi ukirudi nyuma milimita 14 hivi, kamba ya ndani inaanza kuchanika. Ukifika karibu milimita 23, imekatika yote. Milimita 14 ni kama upana wa kidole chako. Ndiyo maana sheria ya magari ya Ulaya imeweka mpaka wa milimita 15 katika majaribio yao.

Tena kuna maumivu yasiyoonekana kwenye eksrei. Gegedu linaweza kupondeka hata kama mfupa haukuvunjika. Mtu anaambiwa "huna kitu", anaenda nyumbani, na baada ya miaka goti linalia kama mlango wenye kutu. Msimwite mvivu. Huenda goti lake liligonga chuma siku moja ambayo ninyi mmesahau.

TUFANYE HESABU KIDOGO

Chukua mtu wa kilo 60, hakufunga mkanda. Gari linakwenda kilomita 80 kwa saa, linagonga na kusimama. Yeye anaendelea mbele mpaka magoti yake yamzuie, na tuseme anasimama ndani ya nusu mita. Nguvu inayotakiwa kumsimamisha ni mzigo wa tani 3. Gawanya kwa magoti mawili, kila moja tani moja na nusu. Tumekwisha kupita ule mpaka.

Mtu huyo huyo, gari likiwa kwenye kilomita 40, ni kilo 750 hivi, yaani chini ya kilo 400 kwa kila goti. Mwendo umepungua nusu, lakini nguvu imepungua hadi robo. Kwa mfano mwingine, kugonga kwa kilomita 40 ni kama kuanguka kutoka juu ya mwembe, mita 6. Kugonga kwa kilomita 80 ni kuanguka mita 25. Nani hapa yuko tayari kuanguka mita 25 na kutua kwa magoti?

BARABARA IMEBADILIKA, MAGOTI NI YALE YALE

Wazee wanakumbuka siku za kivuko hapa Garsen, na matope ya barabara ya Lamu. Safari ilikuwa ndefu, lakini gari halikuweza kukimbia. Leo lami imefika Lamu, na mabasi ya Mombasa yanapita hapa mchana na usiku. Hayo ni maendeleo, na tuliyaomba wenyewe. Lakini barabara ni nyoofu, ng'ombe na mbuzi wanavuka, malori yanaegeshwa bila taa, na vijana wanapenda mwendo. Goti halikutiwa lami. Liko vile vile Mungu alivyoliumba.

Goti letu linagongwa kwa njia tatu.

Ya kwanza ni ndani ya gari. Kwenye matatu ya abiria 14, magoti yako yanagusa kiti cha mbele hata kabla ya kuondoka stejini. Mgongo wa kiti kile mara nyingi ni chuma chenye kitambaa chembamba. Kitu kigumu na chembamba kinaivunja pia ya goti kwa nguvu ndogo kuliko kitu laini na kipana. Na wale wa kiti cha mbele, mjue kwamba kwenye magari haya mtambo uko chini ya viti. Mbele ya magoti yenu hakuna injini ya kuwakinga, ni bati tu.

Ya pili ni mwenda kwa miguu na mchungaji. Bampa ya gari dogo iko karibu na kimo cha goti la mtu mzima. Nayo inapiga kwa ubavuni, upande ambao goti halikuumbwa kukunjika. Kanuni ya dunia ya mwaka 2008 ya kupima magari kwa usalama wa waenda kwa miguu ilisema goti la majaribio lisipinde kwa ubavu zaidi ya nyuzi 19, gari likiwa kwenye kilomita 40 kwa saa. Ukitazama saa ya ukutani, nyuzi 19 ni kidogo zaidi ya hatua tatu za mshale wa dakika. Ni kupinda kidogo sana.

Ya tatu ni bodaboda. Helmeti inafunika kichwa, lakini magoti yanatangulia nje kama masikio ya jagi. Na kuna jambo ninalotaka kusema kwa heshima. Akina mama wengi tunakalia upande, miguu yote miwili upande mmoja, kwa sababu ya stara. Sitaki mtu aache stara yake. Lakini ukikaa hivyo, magoti yote mawili yanaelekea magari yanayopishana nanyi, au yanaelekea kichakani, na huna pa kushika. Vaa suruali ndani ya dera au buibui, ukae kwa kupanda, stara ibaki na goti libaki. Na sheria ya trafiki inasema abiria mmoja tu. Vijana, hilo mnalijua. Watatu juu ya pikipiki ni magoti sita kwenye breki moja.

LA KUFANYA BARABARANI

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize zaidi. Mtu akigonga goti kwa nguvu, hata kama anaongea na hana damu, fanyeni hivi:

1. Msimkande. Msivute, msizungushe, msimwambie "jaribu kusimama tuone". Goti lililohama mara nyingi hujirudi lenyewe mahali pake na kuonekana zima, lakini mshipa umekwisha kuumia.

2. Vueni viatu vyote viwili. Shikeni nyayo zote mbili kwa pamoja. Je, mmoja ni baridi kuliko mwenzake? Una rangi tofauti? Mwulize anahisi mkiligusa dole gumba. Mwambie achezeshe vidole.

3. Tafuteni mpigo wa damu juu ya mguu, kati ya dole gumba na kifundo. Jizoezeni leo kwenye mguu wa jirani, msisubiri ajali. Mpigo ukiwepo, msifurahi haraka, mwangalieni tena kila robo saa, maana mshipa ulioumia unaweza kuziba baadaye.

4. Fungeni banzi kutoka pajani hadi kifundoni, mguu ukiwa vile mlivyoukuta. Ubao, mti, hata makuti yaliyokunjwa pamoja yanafaa. Fungeni kwa leso juu na chini, si juu ya goti lenyewe, na pasibane.

5. Mtazameni na nyonga. Goti likigonga dashibodi, paja husukumwa nyuma na linaweza kuchomoka kwenye nyonga. Mguu unaonekana mfupi na umegeukia ndani. Hilo nalo ni la hospitali upesi.

6. Andikeni saa ya ajali. Andikeni hata mkononi kwa kalamu. Mkifika kwa daktari semeni wazi: "Goti liligonga saa fulani, mguu ni baridi, mpigo hatuusikii." Neno hilo linaweza kumtoa kwenye foleni.

Kwa nini saa? Madaktari wa Marekani waliandika mwaka 1977 juu ya watu ambao mshipa wa nyuma ya goti ulikatika. Walioshonwa kabla ya saa 8 kupita, zaidi ya 8 kati ya 10 walibaki na mguu. Waliochelewa zaidi ya hapo, zaidi ya 8 kati ya 10 walikatwa. Muda wa saa 8 unaonekana mrefu. Lakini Malindi ni zaidi ya kilomita 100 kutoka hapa, na Hola nako si karibu. Mnakumbuka mwishoni mwa mwaka 2023, mafuriko yalipofunika barabara pale Gamba na watu wa Lamu wakakwama? Wakati kama ule saa 8 zinaisha ukingali unatafuta mtumbwi. Kwa hivyo tusipoteze hata moja kwa kukanda.

Kwa wazee wetu wanaounga mifupa, sisemi hamjui kazi. Wengi hapa wamepona mikononi mwenu. Ninawaomba jambo moja tu: kabla hamjagusa goti la mtu wa ajali, shikeni kwanza nyayo zake. Ukiwa baridi, mpelekeni hospitali ninyi wenyewe. Watu watawaheshimu zaidi, hawatawadharau.

KARATASI NAZO NI DAWA

Baada ya ajali kuna maumivu mengine, ya umaskini. Abiria wa gari la umma ana haki ya bima ya gari hilo. Ripotini polisi, mpewe abstrakti, na fomu ya P3 ijazwe na daktari. Wekeni kila risiti, hata ya bodaboda ya kwenda kliniki. Madai ya fidia mahakamani yana muda wake, miaka 3 tangu ajali. Na ukiwa bado umelala kitandani, akija mtu mgeni mwenye kalamu na kukuambia "weka sahihi hapa nikutafutie pesa", mwambie asubiri jamaa zako. Wengi wameuza mguu wao kwa elfu chache. Tena jiandikisheni SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, kabla ya shida kuja.

TUJIKINGE

Watu husema ajali haina kinga. Mimi nasema goti lina kinga. Kanuni za marehemu waziri John Michuki, zilizoanza kutumika Februari 2004, ziliagiza mikanda kwenye viti vyote vya magari ya abiria na mwendo usiozidi kilomita 80. Mkanda unashika mifupa ya nyonga ili goti lisifike kwenye chuma. Uvute ubane, ukae chini ya tumbo, na mjamzito aupitishe chini ya mimba. Mkanda uliolegea unakuacha uteleze chini yake, na magoti yanagonga vile vile.

Mkanda ukiwa umekatika, mwambieni makanga. Mmoja akisema anaitwa mkorofi. Wote 14 wakisema, makanga atatafuta fundi. Na dereva akikimbia, msinyamaze kwa kuogopa kuchelewa. Afadhali kuchelewa na miguu miwili.

MWISHO

Ndugu zangu, maisha yetu hapa ni ya goti. Mpunga hupandwa kwa kuinama matopeni. Ng'ombe hufuatwa kwa miguu. Mvuvi hupiga kasia amekaa magotini. Mkristo hupiga goti kanisani, Mwislamu husujudu msikitini. Yule mama aliniambia siku moja, "Shamba nimemwachia binti yangu, lakini kusali bila kupiga goti sijazoea." Sikuwa na jibu. Nilikaa naye tu.

Sasa kila mtu ajishike goti. Mshukuru Mungu, halafu geuka, mwombe jirani akuonyeshe mpigo wa mguu wake. Msitoke hapa kabla hamjaupata.

Maswali ya kujadili katika jumuiya:

1. Katika kijiji chetu, nani anajua kutafuta mpigo wa damu mguuni? Tuchague wawili wajifunze na kufundisha wengine.

2. Ajali ikitokea usiku, gari gani litabeba mgonjwa, na nauli itatoka wapi? Je, kikundi kinaweza kutenga mfuko mdogo?

3. Vijana wa steji wanaweza kukubaliana vipi juu ya abiria mmoja na mwendo wa pole?

4. Malori yanayoegeshwa bila taa yako wapi hapa kwetu, na nani atamweleza chifu?